Silabi za Kinanda cha Betri

Upande huu wa Vihingo, Kibaha na Kisarawe zinapopakana, usiku sauti haizuiliki. Ngoma ikilia ng'ambo ya mashamba ya mihogo, unaisikia kitandani kana kwamba imepigwa uani kwako. Ndivyo nilivyoisikia ile sauti mwaka jana, kwenye shughuli ya kumtoa mwali: kinanda chembamba, cha puani, kinachokwaruza kidogo kila noti inapoanza. Nikaketi. Ile ilikuwa Casio ya mchiriku, na miaka ilikuwa imepita mingi tangu niisikie ikipigwa karibu.

Nikavaa kandambili nikaifuata. Sikukuta kinanda. Palikuwa na meza ya plastiki, miksa ndogo, spika mbili nyeusi, na kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeinamia kompyuta mpakato.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kinanda kiko wapi?"

Akaigusa kompyuta. "Kimo humu, mzee. Ni cha marehemu babu. Nilikirekodi kibonyezo kimoja kimoja, vyote 37, kabla maji ya betri hayajakimaliza."

Akarudi kwenye kazi yake, maana wachezaji walikuwa wanamsubiri. Mimi nikasimama kando mpaka alfajiri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtembelea, na kupitia kwake nimeifahamu fani ambayo sikuwahi kuitazama vizuri: fani ya watu wanaoketi miaka wakiziiga ala za umeme za zamani kwa programu za kompyuta. Ninachokistahi kwao kuliko vyote ni jinsi wanavyozitunza kasoro za ala. Sauti nzuri mtu yeyote huipenda. Kuipenda kasoro kiasi cha kuipima, kuielewa na kuirudisha mahali pake, hiyo inataka sikio la namna nyingine.

Mchiriku, ambao wengine huuita mnanda (na jina hilo limekibeba kinanda tumboni), ni muziki wa Wazaramo na majirani zao wa Dar es Salaam na Pwani. Ni ngoma, manyanga, mwimbaji, na kinanda kidogo cha betri kilichochomekwa kwenye amplifaya kuukuu, kisha sauti ikatolewa kwa spika za tarumbeta, zile zinazofanana na za msikitini. Kundi la Jagwa Music, lililoanzishwa mwaka 1992, liliufikisha Ulaya muziki huu, na albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa mwaka 2012 na Crammed Discs ya Ubelgiji. Casio ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ilitengenezwa ipigwe sebuleni, mtoto ajifunze nyimbo. Huku kwetu ikatolewa nje ishindane na ngoma, ikasukumwa mpaka amplifaya ikakabwa, na katika kukabwa huko ndipo ilipopata sauti tunayoijua. Kwa hiyo anayetaka kukiiga kinanda cha mchiriku haigi Casio peke yake. Anaiga Casio, amplifaya, tarumbeta, na betri zilizochoka. Nakumbuka utotoni, betri zikianza kwisha usiku wa manane sauti iliyumba kama mtu mwenye usingizi, mpigaji akainama kuzibadilisha, ngoma zikamshikia wimbo mpaka aliporudi.

Nilipotaka kujua kile kinanda kilikuwa kinafanya nini ndani, nilikuta jambo lililonifurahisha mno mimi kama mtu wa Kiswahili. Casio ilikuwa kampuni ya vikokotoo, na kinanda chake cha kwanza, Casiotone 201, kilitoka mwaka 1980. Kilitoa noti nane kwa pamoja, basi. Chipu za wakati ule hazikuwa na nafasi ya kuhifadhi sauti halisi ya filimbi wala kinubi, hivyo wahandisi wake waliigawa kila sauti vipande viwili. Kipande cha kwanza ni mwanzo wa noti: mgongano, pumzi, mkwaruzo wa kidole kwenye uzi. Kipande cha pili ni sauti inayoendelea baada ya hapo. Casio wenyewe walivipa majina: cha kwanza konsonanti, cha pili irabu. Yaani kile kinanda kilikuwa kinatamka silabi. Ta. Pi. Mbo. Watu ambao lugha yao kwa sehemu kubwa imejengwa kwa silabi za namna hiyo walikichukua kinanda kinachotamka silabi, wakakisemesha kwenye ngoma. Sidai kwamba ndiyo sababu ya mapenzi yale, lakini tangu nijue, kila nikiisikia Casio naisikia inasema.

Turudi kwa kijana. Njia aliyoitumia ni ile kongwe na inayoeleweka kwa urahisi: kurekodi sampuli. Bonyeza, rekodi, subiri noti ife yenyewe, hamia kibonyezo cha pili. Wavivu hurekodi noti moja wakaivuta juu na chini ijaze kinanda kizima, na hapo sauti ya juu inakuwa ya panya na ya chini inakuwa ya mlevi, kwa sababu ukiivuta noti unauvuta na mwanzo wake. Konsonanti inaharibika. Yeye alikataa. Alirekodi vyote 37, kwa kila sauti aliyoijali, kijijini, usiku wa saa nane ambapo majogoo na pikipiki vimelala.

Baada ya kurekodi ndipo kazi ilipoanza. Noti ya kinanda inaweza kushikiliwa muda wowote mpigaji apendao, lakini rekodi ina mwisho. Lazima utafute mahali ndani ya irabu pa kuirudisha nyuma ijirudie bila msikilizaji kujua. Mahali hapo hapapatikani kwa kubahatisha. Wimbi la sauti hupanda na kushuka, na ukiunganisha mahali linapopanda na mahali linaposhuka, utasikia tik kila mzunguko. Na kama mpigaji aliwasha kitetemeshi cha sauti, kile kinachoifanya noti ipepee, mzunguko lazima ukamilishe mpepeo mzima, la sivyo noti itakuwa kama inashtuka. Kijana alinionyesha noti moja ya kati iliyomchukua jioni mbili. Niliisikiliza kwa vipokea sauti, macho nimefumba, nikashindwa kupaona alipoishonea. Mshonaji kanzu hodari humpima hivyohivyo: geuza nguo uutafute mshono.

Nikamwuliza kwa nini ameuacha ule mkwaruzo wa mwanzo, wakati programu ingeweza kuusafisha. Akaniambia, "Huo ndio wenyewe, mzee. Nikiutoa, kinabaki kinanda cha mtu mwingine."

Nilipopiga hesabu nilielewa zaidi. Singeli, mtoto wa mchiriku aliyekulia Manzese na Tandale, hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwenye mapigo 250, pigo moja ni sekunde 0.24, na likigawanywa mara nne, kila noti inabakiwa na sekunde 0.06. Kwa mwendo huo irabu haipati nafasi kubwa ya kusikika. Msikilizaji anapata zaidi konsonanti, zikifuatana kama mvua kwenye bati. Mkwaruzo ambao mhandisi wa sauti angeuona uchafu ndio unaobeba wimbo wote. Albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes mwaka 2017 na kuwafanya wageni waisikie singeli kwa mara ya kwanza, isikilize tena kwa sikio hilo. Maprodyuza wa singeli wengi hutumia FruityLoops, programu iliyotoka Ubelgiji mwishoni mwa 1997, na kibodi ya kuandikia barua ndiyo kinanda chao.

Ipo njia ya pili ya kuiga, na hiyo ndiyo iliyonifanya niwavulie kofia watu ambao sitawaona. Njia hiyo hairekodi chochote. Mwigaji huichukua saketi ya ala, kipande kwa kipande, akaandika hesabu ya kila transista na kila kapasita, kisha kompyuta ikaikokotoa saketi nzima upya mara 44,100 kwa sekunde, au zaidi. Ala haikurekodiwa. Inaishi tena ndani ya hesabu.

Mfano mkubwa ni Minimoog, sinthesaiza ya Mmarekani Robert Moog iliyotoka mwaka 1970. Moyo wake ni chujio lililojengwa kwa jozi za transista zilizopangwa moja juu ya nyingine kama ngazi ya mgema. Sauti huingia chini, hupanda, na kila daraja hupunguza ukali wake. Kisha sehemu ya kilichotoka juu hurudishwa chini kiingie tena. Marejeo hayo ndiyo yanayoifanya ilie. Kila aliyewahi kusimama karibu na maiki kwenye shughuli anayajua marejeo: isogeze maiki kwenye spika, itapiga yowe. Ngazi ya Moog ni yowe lililofugwa.

Ugumu ni huu. Katika saketi ya kweli, kinachotoka na kinachorudi vinatokea papo hapo, umeme hausubiri. Kompyuta inakokotoa hatua moja baada ya nyingine, hivyo ili ijue kinachotoka sasa inahitaji kujua kinachorudi sasa, na kinachorudi ni hicho hicho ambacho bado haijakipata. Waigaji wa mwanzo walitumia jibu la hatua iliyopita. Tofauti ni chini ya sehemu moja ya elfu arobaini ya sekunde, na sikio linaitambua: chujio linapolia, linalia pembeni ya noti yake, na ukizungusha kitufe kwa haraka halifuati. Mwaka 1996 Tim Stilson na Julius Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford waliandika uchambuzi wa ngazi hiyo kwa ajili ya kompyuta. Mwaka 2004 Antti Huovilainen wa Finland akaonyesha namna ya kuuingiza ndani ya hesabu ule ukabwaji wa transista, maana kila daraja la ngazi hukabwa kidogo sauti ikiwa kubwa, na unene wa Moog unatoka humo. Mwaka 2011 kampuni ya u-he ya Berlin ikatoa Diva, programu inayotafuta jibu la papo hapo kwa kila hatua, kwa njia wanazotumia wahandisi kupima saketi kabla hazijajengwa. Kompyuta za wakati ule zilihema. Mwaka uliofuata Vadim Zavalishin, mhandisi wa kampuni ya Native Instruments, akakiweka hadharani kitabu kizima cha kusanifu machujio ya namna hii, bure, mwenye kutaka asome. Miaka kumi na sita, kutoka uchambuzi wa kwanza hadi kitabu, kwa ajili ya kitufe kimoja kilie kama zamani. Naiona ni miaka iliyotumika vizuri.

Kuna tatizo jingine ambalo ndilo lililonionyesha undani wa fani hii. Kompyuta inayopima sauti mara 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba mitetemo inayozidi nusu ya idadi hiyo. Ikizidi, haipotei, inarudi chini na kujitokeza kama sauti ngeni isiyopatana na wimbo, vile gurudumu la gari kwenye sinema linavyoonekana kuzunguka kinyumenyume. Wimbi kali la Moog limejaa mitetemo ya juu kabisa, hivyo mwigaji hutumia nguvu nyingi kuhakikisha hayo marudio hayasikiki. Anayemwiga Moog anafukuza uchafu. Sasa mchukue anayeiiga Casio ya mwanzo. Mawimbi yake yamejengwa kwa vidaraja vifupi vifupi, kwa sababu chipu haikuwa na nafasi, na vidaraja hivyo ndivyo vinavyoipa ile sauti ya puani. Ukivilainisha umekosea. Hapo mwigaji lazima ajue, kwa sikio na kwa hesabu, uchafu upi ni wa ala na upi umeletwa na kompyuta yake mwenyewe. Huu aufute, ule auhifadhi, ingawa huu na ule hufanana. Sijaona kazi ya mikono inayodai uamuzi mwembamba kuliko huo.

Ala zilizozaliwa ndani ya hesabu ni rahisi zaidi kuziiga. Yamaha DX7 ya mwaka 1983, iliyotokana na ugunduzi wa John Chowning wa Stanford, ilitengeneza sauti zake kwa vipashio sita vinavyotikisana. Ilipotoka iliuzwa karibu dola 2,000. Leo Dexed, programu ya bure ya Pascal Gauthier, inasoma mafaili yale yale ya sauti ambayo DX7 ilisoma. Kwa kijana wa Vihingo dola 2,000 ni nyumba. Dexed ni bando la intaneti la siku moja.

Na bei ndiyo iliyomsukuma Brian Bamanya wa Uganda. Sinthesaiza za vipande, zile zinazounganishwa kwa nyaya ukutani kama mitambo ya simu, ni ghali mno, hivyo yeye akajifunza kuziunda mwenyewe kwa mkono, akajiita Afrorack, na albamu yake ikatolewa mwaka 2022 na lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala. Tangu 2017 ipo pia VCV Rack ya Andrew Belt, programu ya bure inayoiga ukuta mzima wa vipande hivyo, nyaya zikining'inia kwenye kioo. Mimi nawashauri vijana waanze na programu, wajue kila waya unakwenda wapi, halafu waje kuchukua pasi ya kulehemu kama Bamanya. Kuiga na kuunda ni ndugu, na aliyeiga kwa makini huunda bila kubahatisha.

Jambo moja linanipa furaha ya pekee. Vinanda vya Japani vilikuja na ngazi moja ya sauti, noti kumi na mbili zilizolingana, na muziki wetu ukabanwa humo. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeishi na kufundisha Bagamoyo, mkoa huu huu wa Pwani, alitengeneza na kupiga ilimba, ala ya vidole gumba, iliyofuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya noti, na ngazi hiyo haimo kwenye kinanda cha dukani. Programu inaweza kuibeba. Surge XT, ambayo nayo ni ya bure, hupokea faili dogo la ngazi yoyote utakayoiandika. Maana yake mtu anaweza kuchukua sinthesaiza ya kale ya Marekani au Japani, akaipatanisha na ilimba, akapata ala ambayo haijawahi kupigwa na mtu. Nilimwambia kijana habari hiyo. Alinyamaza kidogo, akaniuliza faili hilo linaandikwaje.

Yeye lakini ana deni jingine analotaka kulilipa kwanza, nalo ni tarumbeta. Sampuli zake ni Casio peke yake. Amplifaya na spika za babu hazimo. Ipo njia ya kuipata sauti ya spika: unaipigia mlio mmoja mrefu unaopanda kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, unaurekodi unavyotoka, na kompyuta ikilinganisha kilichoingia na kilichotoka inajua spika ile inameza nini na inatema nini. Baada ya hapo sauti yoyote unaweza kuipitisha humo. Njia hii inalipata umbo la sauti ya tarumbeta, besi iliyopotea na ule ukali wa katikati, lakini haiupati ukabwaji, kwa sababu tarumbeta inayopigiwa polepole na tarumbeta inayopigiwa kwa nguvu ni ala mbili tofauti. Hapo anarudi kwenye njia ya pili, ya saketi, na hesabu yake inataka vipimo vya amplifaya yenyewe ikiwa hai. Ya babu yake iliuzwa kama chuma chakavu. Sasa anatafuta nyingine kuanzia Mlandizi hadi Maneromango.

Kwa hiyo naomba. Kama juu ya kabati lako, iwe Vihingo, Kisarawe, Mbagala au Tandale, kuna Casio ya baba au ya mjomba iliyofunikwa kanga, ishushe leo. Fungua mfuniko wa nyuma, toa betri, kwa sababu zikivuja zinakula shaba ya ndani na hakuna programu itakayoirudisha. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kisha mtafute kijana mwenye kompyuta na maiki, mkae naye usiku majogoo wakiwa wamelala, mbonyeze noti ya kwanza, msubiri ife yenyewe, ndipo mhamie ya pili. Na kama una amplifaya kuukuu na tarumbeta yake, usiiuze kwa kilo.